Amekuwa, Si Alikuwa

Jumanne, 5 Machi

Leo nimeanza darasa la Kiingereza. Chumba ni cha watoto wa shule ya msingi — madawati mafupi, magoti yanagonga mbao. Tuko wachache, karibu wote tumetoka kazini moja kwa moja. Dereva wa lori aliyekaa nyuma yangu alishaanza kusinzia kabla mwalimu hajaingia. Mimi nilikuwa na nyuzi nyekundu kwenye sweta, za yale mapazia ya ukumbi tunayoshona siku hizi. Mwalimu akaziona, akauliza nafanya kazi gani. Fundi wa mapazia, nikamjibu. Basi, nimeshapata jina: Mama Pazia.

Kila mtu akaulizwa kilichomleta. Dereva anataka kuelewana na watu wa forodha. Msichana wa mapokezi hotelini anataka kupandishwa cheo. Mimi nikasema nina mjukuu. Anaishi nje na wazazi wake, na Kiswahili chake chote ni neno "bibi." Mama yake, yaani mkwe wangu, hata hilo linamshinda. Nataka kuongea nao mwenyewe.

Nilidhani watacheka. Hakuna aliyecheka.

Mkalimani wangu siku zote ni binti yangu. Jumapili mchana tunapiga simu, mkwe anaongea, binti ananigeuzia. Anajitahidi, simlaumu. Ila mkwe huongea kirefu, na yakifika kwangu yamekuwa mafupi. Kama mtu kakata pindo mbili njiani.


Alhamisi, 7 Machi

Kumbe Kiingereza nimekuwa nikikikosea hata kichwani!

Mwalimu alimuuliza Dereva, hujambo, mbona macho mekundu? Dereva akajibu kwa kujiamini: "I have tired." Mwalimu hakumcheka. Akageuka ubaoni akaandika nimechoka, nimeshiba, nimelowa, nimefurahi. Akapigia mstari kila -me-. Tatizo lenu ndilo hili, akasema. Mnaiona -me-, mnakimbilia "have." Mwingereza hachoki namna hiyo. Yeye yuko mchovu. "I am tired." Yuko mwenye furaha, yuko aliyelowa. "I am happy. I am wet."

Msichana wa mapokezi akafunika uso. Anasema wiki iliyopita alimwambia mgeni "I have happy," mgeni akabaki anasubiri, eti happy nini? Akadhani anauziwa kitu.

Halafu mwalimu akasema "have" inaweza kukaa na neno la sifa, lakini haiendi peke yake, lazima ishikwe mkono na "been." "I have been tired." Ila hiyo ina maana yake nyingine. Tutaifanya Jumanne.

Kazini nimejizoeza huku napiga pasi. "The curtain is long. The curtain is heavy." Tajiri wangu kapita akaniuliza kama kitambaa kinajibu.


Jumapili, 10 Machi

Tumepiga simu. Mwanangu, baba wa mjukuu, hakutokea tena. Hii ni mara ya ngapi, sijui. Mara yuko kazini, mara amelala, mara katoka kidogo.

Mjukuu kanionyesha mchoro wa paka mwenye miguu mingi kuliko inavyohitajika. Nikamwambia "I am happy." Akanitazama, akamgeukia mama yake, halafu akanimiminia maneno kama maji ya bomba. Sikushika hata moja. Nikacheka tu. Lakini alinijibu mimi! Si shangazi yake. Mimi.

Mkwe kakonda. Nywele kazifunga ovyo, yeye ambaye hata kwenye simu hutokea kama anakwenda harusini. Aliongea na binti yangu kwa sauti ya chini. Nilisikia "been," kwa sababu neno hilo nalisubiri sasa, halafu nikasikia "low."

Nikauliza, anasemaje? Binti akasema kaka alikuwa mgonjwa kidogo, mafua ya baridi, ameshapona, sasa amelala. Na "low" ni nini? Akafikiri. Betri, mama. Simu ya kaka ina betri kidogo, ndiyo maana hapokei.

Haya. Nimejifunza neno jipya. Betri ikipungua ni "low."


Jumanne, 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mwalimu aliandika sentensi mbili, moja juu ya nyingine. "He was ill." "He has been ill." Akasema ya kwanza, alikuwa mgonjwa, mambo yameisha, anayesema yuko nje, mlango ameshaufunga. Ya pili, amekuwa mgonjwa. Ilianza huko nyuma na leo bado yumo. Ukitaka kutaja ilipoanzia unaweka "since." Akataka mifano ya nyumbani.

Dereva akanyoosha mkono. "My wife has been angry since Saturday." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akamwambia, sahihi kabisa, na pole sana.

Nami nilicheka. Nikacheka mpaka mwalimu aliposema kwamba wenyewe wakiongea haraka, hiyo "has" huimeza, hubaki kama "s" tu nyuma ya "he." Akatamka mara mbili tatu. He's been. He's been. Kicheko kikanikauka. Maana nilimsikia mkwe Jumapili, na alisema hivyohivyo.

Darasa lilipoisha nikabaki. Nikamuuliza mwalimu, mtu akisema "he's been low," inaweza kuwa simu? Betri ya simu?

Akasema simu haiitwi "he," mama. Hiyo ni ya mtu. Mwanamume.

Na "low"?

Akaacha kufuta ubao. Mtu akiwa "low," akasema, ni moyo ndio uko chini. Hana raha. Na kwa jinsi ulivyoisema, si kwa siku moja. Ni nani huyo, mama?

Nikasema nimesikia tu mahali.

Nimerudi kwa miguu, sikutaka kukaa karibu na mtu. Binti alikuwa jikoni, akaniuliza leo mmefundishwa nini. Nikasema ya kawaida.


Jumatano, 13 Machi

Nimekata pazia moja fupi. Kitambaa cha watu. Tajiri alilitazama, akalikunja, akasema tutashonea mito. Hakuongeza neno. Afadhali angefoka.


Alhamisi, 14 Machi

Sikwenda darasani. Nilimsubiri binti arudi kutoka duka la dawa anakofanya kazi. Akaja, akavua viatu, akaanza kuosha vyombo ambavyo nilishaviosha.

Nikamuuliza kaka yako ana nini.

"Si nilikwambia, mama? Mafua. Alikuwa mgonjwa."

"Alikuwa au amekuwa?"

Kijiko kikamponyoka. Hakugeuka. Akasema, "Mama, umeanza Kiingereza juzi, leo unanipa mtihani?" Alitaka iwe utani lakini sauti haikumtii. Akafuta mikono, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango taratibu. Angeubamiza ningejua la kusema.

Sikumfuata. Nimekaa na sentensi zangu. "My son has been." Naishia hapo. Sijui niweke neno gani mbele.


Jumapili, 17 Machi

Nilimwambia binti akae pembeni yangu lakini leo asinigeuzie kitu mpaka nimwombe. Akakaa. Mikono kaikalia.

Mkwe akatokea, akaanza salamu zake. Nikamwacha amalize. Moyo ulikuwa unanienda kama cherehani. Nikasema, polepole, kama nilivyojizoeza: "My son has been ill. Since when?"

Mkwe akamtazama wifi yake. Binti akatazama meza. Mimi nikamtazama mkwe, basi, sikuhamisha macho.

Akasema, "Since November."

Hakuna aliyehitaji kunigeuzia Novemba.

Halafu akalia. Si kilio cha kelele, uso tu ulivunjika. Mjukuu akaja kumchungulia, akampangusa shavu kwa mkono wa sweta, akarudi kwenye midoli yake — na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Mtoto hakushtuka. Amezoea.

Nikamwambia binti, sasa nigeuzie. Yote. Usinikatie.

Akanigeuzia yote. Kaka yake aliacha kwenda kazini kabla mwaka haujaisha. Hakufukuzwa, hakugombana na mtu. Asubuhi moja tu alivaa, akakaa kitandani na viatu mguuni, na jioni mkewe aliporudi alimkuta amekaa vilevile. Tangu hapo analala. Akiamka anatazama ukuta. Sahani inaingia chumbani imejaa na inatoka imejaa. Daktari wanaye, dawa anameza. Kuna siku anaonekana nafuu, anaoga, anamsukuma mtoto kwenye bembea, kisha siku ya pili harudi hata sebuleni. Daktari ana jina la ugonjwa huo. Binti akalisema kwa Kiswahili: sonona.

Nikauliza umesababishwa na nini. Mkwe akasema hawajui. Hata mumewe mwenyewe hajui, na swali hilo linamchosha.

Simu ilipokatika nikamgeukia binti. Nilikuwa na hasira ya kutosha nyumba nzima. Mimi ni mtoto humu ndani? Mimba niliibeba mimi, halafu naambiwa betri?

Akasema, "Aliniapisha, mama. Alisema mama akijua hatalala, na presha yake. Alisema subiri nipone kwanza, nitamwambia mwenyewe. Nikawa nasubiri apone."

Hapo alitoa mikono kule alikoikalia. Kucha zote ametafuna mpaka nyama. Niliziona akisugua sufuria, niliziona kwenye meza ya chakula, siku zote hizi, na sikuziona.


Jumatatu, 18 Machi

Binti hakwenda kazini. Nami nilimpigia tajiri kwamba nitachelewa. Tukanywa chai, tukakaa.

Nimegundua jambo. Miezi hii alikuwa na tabia ya kutoka uani na simu sikioni, anaanua nguo ambazo hazijakauka, anaanika zilizokauka. Mimi nikajua tayari, kuna mchumba. Nilifurahi hata nikaanza kumtafutia kitambaa kizuri cha mapazia ya kwake. Kumbe alikuwa anaongea na mkwe. Wawili hao walikuwa wanashikana wasianguke, na mimi nipo dirishani nachagua rangi.

Nikamwambia hivyo. Akacheka mpaka akalia, au akalia mpaka akacheka. Akaniuliza ni rangi gani niliyochagua.

Nikamwambia asinifiche tena. Akasema, "Sitakuficha. Lakini na wewe, mama, usinifokee nikikwambia." Nikakubali. Ni mapatano ya haki.

Nilitaka nimpigie mwanangu hapohapo. Akasema tusimshtukize. Mkwe atamwandaa.


Jumanne, 19 Machi

Nimerudi darasani. Nilifika mapema, nikamweleza mwalimu yote, nimesimama. Hakukimbilia kunipa pole. Akavuta dawati, akaniuliza, mama, unataka kumwambia nani nini?

Nikasema nataka kumshukuru mke wake. Yule msichana kalibeba hili tangu Novemba, na kila Jumapili ananichekea kwenye simu. Nilishakuwa na maneno yangu juu yake, kwamba anaringa, kwamba hapiki. Sasa nataka maneno mengine na sina.

Tukayatafuta pamoja. "You have been good." Ni sahihi, mwalimu akasema, lakini "good" hata mbwa huambiwa. Akanipa "kind," ya mwenye huruma. Akanipa "patient," ya mwenye subira. Nikamwambia niwekee zote mbili, na niwekee na uchovu wake. "You have been kind. You have been patient. You have been tired, too."

Nilimuuliza kwa nini tusiseme "you were." Ni fupi, si itanirahisishia?

Akasema ukisema "you were kind," mama, ni kama unamuaga.

Kutoka, Dereva akanipa lifti kwenye lori mpaka barabara ya kwetu. Sikujua kama alinisikia nikiongea na mwalimu. Hakuuliza kitu njia nzima. Niliposhuka akasema tu, "Mdogo wangu pia," akaondoa gari.


Alhamisi, 21 Machi

Nimempigia mkwe peke yangu. Saa ya chakula, ndani ya stoo, katikati ya majora ya vitambaa, kwa sababu humo hakuna mashine. Binti hayupo, mwalimu hayupo. Nikazisema zote tatu bila kusoma mahali.

Nikasikia anavuta pua. Nikadhani nimekosea, nimemtukana. Nikazirudia.

Akasema, "Thank you, Mama."

Siku zote ananiita kwa jina. Kwao ndivyo wanavyofanya, binti alishanieleza, si dharau, na mimi nilishakubali kwa nusu mdomo. Leo kaniita Mama.

Kisha akasema kitu taratibu sana, ili nikishike. "I have been so lonely." Maneno yote niliyajua isipokuwa la mwisho. Nikalibeba mdomoni jioni nzima mpaka binti aliporudi. Maana yake ni upweke.

Nimempigia tena, kumwambia nimeelewa. "I understand lonely." Najua si sentensi nzuri. Alielewa.


Ijumaa, 22 Machi

Mkwe ameandika. Amemwambia mume wake kwamba mama anajua. Hakukasirika. Aligeukia ukutani. Baadaye akauliza, alilia?

Binti akaniuliza tumjibuje. Nikasema mwambie ukweli. Nililia, halafu nikapika.


Jumapili, 24 Machi

Leo mkwe ndiye aliyepiga. Hakukaa sebuleni. Alitembea na simu, nikaona korido, mlango, halafu giza. Nikafikiri picha imekatika. Kisha macho yakazoea, nikaona mstari mwembamba wa mwanga pembeni, na mkunjo wa kitambaa ninaoujua.

Ni mapazia yangu. Yale niliyowashonea walipooana. Nilitia bitana nzito kwa mkono wangu ili jua lisiwasumbue asubuhi. Kule ilikuwa mchana kweupe. Nilifanya kazi nzuri mno.

Mkwe akaiegesha simu mahali, akatoka. Nikasikia pumzi.

"Mama."

"Naam, baba."

"Umejua."

"Nimejua."

"Nani kakwambia? Dada?"

"Mkeo. Kwa Kiingereza."

Pua yake ikatoa sauti, ndogo. Namjua huyu tangu hajaota meno. Ilikuwa nusu ya kicheko. "Wewe, mama? Kiingereza?"

"Nina mwalimu. Nakaa na dereva wa lori."

Nilikuwa na maswali mengi mdomoni, nikayauma. Nilikumbuka mkwe alivyosema yanamchosha. Binti alikuwa sakafuni karibu na miguu yangu, kashika pindo la gauni langu kama alivyokuwa akifanya utotoni kwenye kelele za radi.

"Nimechoka, mama."

Kiswahili hakikunidai niulize ni sasa au ni tangu lini. Lote lilikuwa humo.

Nikasema, "Najua, baba. Lala. Mimi nipo."

"Usikate simu."

"Sikati."

"Fanya kazi zako tu. Nisikie."

Basi nimeweka simu mezani, nikavuta cherehani, nikachukua pindo la yale mapazia ya ukumbi. Nimeshona mwanzo mpaka mwisho, nikalifumua kwa sababu halikwenda sawa, nikalishona tena. Binti kachemsha chai kwa kunyata. Mara moja mjukuu aliingia kule, nikamsikia anauliza kitu, baba yake akamjibu kwa neno moja, mtoto akabaki. Nasikia anaburuta kitu sakafuni. Midoli, nadhani.

Sasa nimesimamisha mashine naandika haya. Simu iko wazi.

Kitanda kimelia. Anaamka, au anageuka tu. Nasikia nyayo. Zinasimama. Anamwita mkewe, anamwambia kitu kwa Kiingereza, sauti imekauka kama ya mtu aliyeshinda njiani. Binti kafungua mdomo anigeuzie, nimemnyooshea kiganja. Nimesikia mwenyewe. Anauliza kama ile supu ya jana ipo.

Nasikia mkwe anakimbia. Mlango wa kabati, sufuria, kitu kimeanguka kimevunjika na hakuna anayejali, mtoto anauliza, anauliza tena —